Shangazi alijua, sisi tukajifanya hajui: kisa cha ugonjwa uliofichwa

Wiki 11. Ndo muda uliopita kati ya siku dokta alipotuita pembeni na siku shangazi alipofariki, na katika wiki zote hizo hakuna hata mmoja wetu aliyetamka mbele yake jina la ugonjwa wake. Nimekaa na hiki kisa muda mrefu nakigeuza geuza, naandika sasa kwa sababu naona kila kilichotuharibikia baadae, yale maumivu, ule ubishi wa mashine, mpaka nguo za watu, vyote ukivifuata nyuma vinakurudisha kwenye mazungumzo ya dakika kumi tuliyofanya koridoni siku ya kwanza, mwenye mwili wake akiwa kitandani hajui anajadiliwa.

Shangazi alikuwa fundi cherehani, miaka 66, mjane, watoto watatu wote wakubwa. Ilianza na kuwashwa mwili mzima, usiku anajikuna mpaka ngozi inachubuka, tukasema ni aleji ya vitambaa vipya, akapakwa kila aina ya mafuta. Alafu mkojo ukawa wa kahawia iliyokolea, choo kikawa cheupe, macho yakaingia njano. Alikuwa na maumivu pia juu ya tumbo yanayopenya mpaka mgongoni, ila hayo alikuwa nayo miezi kadhaa kabla na hatukuyajua, maana maumivu ya namna hiyo yanapungua mtu akiinama mbele, na fundi cherehani siku nzima kainama, nani angeshtuka.

CT skani ikaonyesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho na madoa kwenye ini. Kongosho limejificha huko nyuma ya tumbo, saratani yake kwa walio wengi inagundulika ikiwa imeshasambaa, na ikishafika kwenye ini ule upasuaji mkubwa wa kuiondoa unakuwa hausaidii tena. Mrija wa nyongo unapita hapo hapo kwenye kichwa cha kongosho, uvimbe ukiubana nyongo inakosa njia inarudi kwenye damu, ndo ile njano na ule muwasho. Dokta alieleza haya vizuri kabisa, kwa upole, na karatasi akatuchorea. Shida ni kwamba alitueleza sisi, shangazi hakuwepo. Alitoka wodini akauliza "ndugu wa mgonjwa ni nani hapa", tukanyoosha mikono.

Baba mdogo, ambaye ni mdogo wake shangazi wa mwisho, ndo alisema kwanza. "Asiambiwe. Mkimwambia mnamuua leo." Binti mkubwa wa shangazi alikuwa analia akaitikia, kaka yake akaitikia, mi nilikuwa nimeegemea ukuta nikatingisha kichwa kukubali, na nasema hili mapema msije mkadhani nasimulia makosa ya wengine. Tukapanga cha kusema: nyongo imeziba, itazibuliwa. Na ni uongo uliotusaidia sana kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli, nyongo ilikuwa imeziba kweli na ikazibuliwa kweli, aliwekewa stenti, kijimrija kidogo cha kupitisha nyongo, ndani ya siku chache muwasho ukakata, macho yakaanza kurudi, akaruhusiwa, akakaa kwenye cherehani yake. Wiki ya tatu ukimwona unasema huyu kapona. Sisi wenyewe tukaanza kuuamini uongo wetu, kuna siku nilijikuta najiuliza labda ile skani walikosea.

Sasa baba mdogo simlaumu kirahisi hivyo, maana ana sababu yake na ni nzito. Babu yetu, baba yao, alipougua yeye ndo alikuwa anamuuguza, na dokta wa wakati huo alikuja asubuhi akasimama mwisho wa kitanda, akiwa na wanafunzi wake, akamwambia babu una kansa hatuna la kufanya, akaenda kitanda kinachofuata. Babu aliacha kula siku hiyo hiyo, siku ya tisa akafariki. Kijana wa miaka 19 aliyekaa na hilo lazima atoke na hitimisho moja tu, kwamba maneno yanaua. Ila nikiangalia leo kwa utulivu, babu alikuwa ameshaisha, hawezi kugeuka kitandani, miguu imevimba, na kuacha kula ni dalili ya mwili unaofunga kazi, zile siku tisa zingekuwa zile zile. Kilichokuwa kibaya pale ni namna. Kusimama, haraka, mbele za watu, bila kumuuliza chochote, na kumwacha peke yake na ile habari. Baba mdogo aliona ukatili wa namna ya kuambiwa akaufananisha na kuambiwa kwenyewe, na miaka mingi baadae shangazi akalipia hilo.

Na wala sio ujinga wa familia yetu tu. Kuficha ndo ilikuwa kanuni ya uganga wenyewe kwa karne nyingi, maandishi ya wale wa shule ya Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, yanamshauri tabibu amfiche mgonjwa mambo mengi. Kanuni za maadili za chama cha madaktari Marekani za mwaka 1847 zilikuwa zinataka daktari awe mtu wa kuleta matumaini, hatari ikiwepo awaonye ndugu na marafiki, mgonjwa mwenyewe mpaka pale inapolazimu kabisa. Yaani koridoni ileile, miaka mingi kabla yetu. Eva Perón, mke wa rais wa Argentina, alifariki 1952 kwa saratani ya mlango wa kizazi bila kuambiwa ni saratani. Mfalme Hirohito wa Japani alipofariki Januari 1989 ndo watu wakatangaziwa rasmi kwamba ilikuwa saratani ya utumbo mdogo wa mwanzo, wakati wote wa kuugua ikulu haikulitaja neno hilo hadharani. Alafu kuna ule uchunguzi wa 1961, Donald Oken aliwauliza madaktari 219 wa Chicago, asilimia 90 wakasema wanapendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana kansa. 1979 swali lilelile likaulizwa tena kwa madaktari wa hospitali nyingine Marekani, asilimia 97 wakasema wanamwambia. Miaka 18 tu! Kwa hiyo ule msimamo ambao kila mtu alidhani ndo huruma yenyewe uligeuka ndani ya kizazi kimoja, dawa zilikuwa zimeongezeka, matibabu ya kansa yalikuwa hayawezekani tena bila mgonjwa kujua anatibiwa nini, na wagonjwa wenyewe walianza kudai haki ya kujua.

Kitu kilichonifungua macho zaidi ni kazi ya wanasosholojia wawili, Barney Glaser na Anselm Strauss, ambao miaka ya 60 walikaa kwenye wodi za hospitali za upande wa San Francisco wakitazama tu, nani anajua nini, na nani anajua kwamba mwenzake anajua. Wakatofautisha hali nne. Ya kwanza mgonjwa hajui kabisa ila wengine wanajua. Ya pili mgonjwa anahisi, anapeleleza, anatega maneno. Ya tatu wote wanajua, na kila mmoja anajua mwenzake anajua, ila wanakubaliana bila kusema kwamba tujifanye. Ya nne ni wazi, inazungumzwa. Nilipozisoma hizo nilikaa kimya, kwa sababu ningeweza kuandika tarehe pembeni ya kila moja. Shangazi alipita ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne na sisi hakuifikia.

Ya kwanza haikudumu, nadhani wiki mbili hazikufika. Sisi tulihesabu kwamba tunamficha mtu, tukasahau kwamba mwili ni wake, yeye ndo anavaa nguo alizoshona mwenyewe na kuona zinapwaya. Fundi! Mtu ambaye kazi yake miaka 40 ni kupima viuno vya watu ashindwe kujua chake kimepungua inchi ngapi. Wiki ya nne akaanza kutega. Anamuuliza binti yake, "hivi nyongo ikizibuliwa mtu anaendelea kukonda?" Anajibiwa hamu ya kula itarudi. Kesho yake anamuuliza kaka mtu swali lilelile kwa maneno mengine, anapewa jibu tofauti. Alikuwa anatulinganisha.

Wiki ya tano maumivu yakaja kwa nguvu, na hapa ndo siri ilionyesha sura yake mbaya. Alikuwa anapewa paracetamol na diclofenac, hazigusi kitu. Dokta akasema aanzishiwe mofini ya maji. Tukakataa. Sababu ya kwanza ni ile watu wengi wanayo, kwamba mofini ni dawa ya kummalizia mtu, ukiona wameandika hiyo ujue wamekata tamaa. Sababu ya pili hatukuisema kwa sauti ila ilikuwepo na ilikuwa na nguvu kuliko ya kwanza: akipewa mofini atauliza ya nini. Nyongo iliyozibuliwa haihitaji mofini. Ili uongo wetu usimame ilibidi aumie kwa kiwango kinacholingana na ugonjwa tuliomtungia. Niliielewa hiyo sentensi baada ya msiba, na kila nikiikumbuka inaniuma upya.

Na ile hofu yenyewe ya mofini haikuwa na msingi. Inatolewa kwa kipimo kidogo, inapandishwa taratibu kufuata maumivu, ya maji inanywewa kila baada ya masaa manne hata kama maumivu hayajarudi, siku za mwanzo mtu anasinzia alafu anazoea, inafunga choo sana kwa hiyo anaandikiwa na dawa ya kulainisha choo hapo hapo. Hilo la kutosubiri mtu alie kwanza ndo apewe, lilitiwa nguvu na Cicely Saunders kule Uingereza, mama aliyeanza kama nesi, akawa afisa ustawi, alafu akasomea udaktari akiwa mtu mzima, 1967 akafungua hospisi, yaani nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia kufa, ya St Christopher's London. Yeye ndo alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa yanachanganyika, mwili, hofu, mambo ya familia, mambo ya roho, ukigusa moja ukaacha mengine hujatibu. 1986 WHO, Shirika la Afya Duniani, ikatoa ngazi yake ya dawa za maumivu ya kansa, mofini ikiwa juu. 1993 Anne Merriman akaanzisha hospisi Uganda, na mofini ya pale ni unga unaochanganywa na maji kwenye chupa, kitu rahisi kabisa. Lakini kwa hesabu za WHO wenyewe, kati ya watu milioni 56.8 wanaohitaji tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa, kila mwaka, wanaoipata ni asilimia 14 hivi. Wengi hawaipati kwa sababu haipo. Shangazi yeye ilikuwepo, ilisimama mlangoni, sisi tukaizuia wiki nne nzima.

Nije kwenye wiki ya saba maana hii ndo yangu.

Nilikuwa zamu ya usiku. Zilikuwa zamu, tulijipanga vizuri, sikumbuki siku hata moja alilala peke yake, na hili naliandika ili ieleweke tulikuwa tunampenda, hakuna aliyemtelekeza. Saa tisa usiku akaniamsha, akaniambia nimkalishe. Akakaa ameinama mbele kama yuko kwenye cherehani. Akasema, "Mwanangu, wewe tangu mdogo hujui kudanganya. Niambie." Basi. Hakuuliza niambie nini, na mi sikuuliza. Nilikuwa na nafasi ambayo hata ningepanga nisingeipata nzuri hivyo, usiku, watu wawili, yeye ndo kaomba. Nikasema, "Pumzika shangazi, asubuhi tutaongea na dokta."

Akakaa kidogo. Akasema haya, basi niletee daftari.

Lilikuwa daftari lake la vipimo, majina ya wateja, kifua, kiuno, urefu, tarehe ya kuchukua. Akaomba na penseli. Akawa anafungua ukurasa mmoja mmoja, pembeni ya baadhi ya majina anaweka duara, wengine mstari mmoja, wengine mistari miwili. Ilimchukua kama saa nzima. Nikadhani anapoteza muda maumivu yapungue, nikashika taa tu. Siku kadhaa kabla alikuwa ameshamwambia kijana wake kwamba nguo za watu zirudishwe, akajibiwa "mama utazishona ukipona", na wateja wakija wanaambiwa rudini akipata nafuu.

Hapo namkumbuka bibi, mama yake, shangazi ndo aliyemuuguza. Bibi aliugulia nyumbani, dawa ya maana ya maumivu hakuna, na sitaki kuisifia hiyo, aliteseka, kilio chake kilikuwa kinasikika nje. Lakini aliwaita watu mmoja mmoja. Fulani nakudai, fulani nilikukosea, hiki kiende kwa huyu, watoto waingie waniage. Hakuna aliyemwambia "utapona" baada ya kusema hivyo, walikaa wakasikiliza, mwingine akaandika. Shangazi alikuwa anaijua hiyo njia, aliiona kwa macho yake, na alikuwa anajaribu kuipita. Ila kila akifungua mlango sisi tunaufunga kwa maneno mazuri. Sisi tulikuwa na skani, stenti, dokta wa kutuchorea na mofini ya kukataa, tukakosa kile kimoja ambacho watu wa bibi walikuwa nacho bure, kumwacha mgonjwa amalize sentensi yake.

Wiki ya tisa kijana wake alishindwa kuvumilia yale maumivu, akaenda mwenyewe kwa dokta bila kutuuliza, kesho yake akaja nesi wa tiba shufaa. Mama wa makamo, hana haraka. Akavuta kiti akakaa, macho yake na ya shangazi yakawa usawa mmoja. Akatuomba tuwapishe. Mi nilirudi na glasi ya maji nikiwa sijui wameshaanza, nikafika mlangoni nikasikia anauliza, "Mama, wewe mwenyewe unaona unaumwa nini?"

Shangazi akamjibu, "Naumwa ugonjwa wa kuondoka. Wanangu hawajajua, usiwaambie, hasa binti yangu, hawezi."

Nilisimama pale na maji. Alikuwa anatulinda. Wiki zote hizo sisi tunamlinda yeye, yeye anatulinda sisi, na kila mtu anaumia upande wake wa ukuta.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuingia wakati ule nikasema shangazi tunajua. Niliogopa, na pia nilijiambia si nimesikia kwa bahati mbaya, sio maneno yangu. Nilimwambia binti yake jioni, akalia sana, alafu akasema, "Basi kama anajua inatosha, tusimvunje moyo." Tukaendelea kuigiza. Ndo maana naiogopa ile hali ya tatu ya akina Glaser, ukishaingia inakuwa na adabu zake, kila mtu anaona kuivunja ni kumkosea mwenzake.

Lakini angalia lile swali la nesi. Hakumwambia kitu. Alimuuliza. Utaratibu wa hatua sita wa kutoa habari mbaya, ule wa Walter Baile na wenzake wa mwaka 2000, unataka hivyo hivyo: kaa chini mahali pa faragha, uliza mgonjwa anajua nini, uliza anataka kujua kiasi gani, ndo baada ya hapo ueleze, kwa vipande, unasubiri. Na mgonjwa akisema sitaki kujua, ongeeni na mwanangu, hiyo ni haki yake na iheshimiwe, wapo watu wa hivyo kweli. Tofauti kubwa ni kwamba amechagua mwenyewe. Lile swali lingeulizwa siku ya kwanza pale hospitali, na dokta yule mpole, baba mdogo asingekuwa na cha kuamua koridoni. Na kama shangazi angesema mwambieni mdogo wangu, sawa, tungenyamaza kwa ruhusa yake.

Mofini ilianza siku hiyo. Usiku wa pili alilala masaa sita mfululizo. Hakufa, hakupotewa na akili, aliamka akaomba dirisha lifunguliwe. Wapo wanaodhani kuwaleta hawa watu ni kufupisha maisha, uchunguzi uliotoka 2010, wa Jennifer Temel na wenzake Boston, ulichukua wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa, nusu wakapewa tiba shufaa mapema pamoja na matibabu yao ya kawaida. Waliopewa waliishi wastani wa kati miezi 11.6, ambao hawakupewa 8.9, na hiyo ni pamoja na kwamba waliopata matibabu makali mwishoni walikuwa wachache zaidi upande wao. Nilisoma hiyo baadae, nikahesabu zile wiki nne tulizokataa.

Wiki ya 11 stenti iliziba. Inatokea. Homa kali, anatetemeka kitanda kinalia, njano imerudi, anaita majina ya watu waliokufa zamani. Hospitali, usiku, dokta wa zamu kijana kabisa anauliza ikibidi apelekwe ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, kwenye mashine ya kupumua, na moyo ukisimama tukandamize kifua, ndugu mnasemaje?

Binti anasema afanyiwe kila kitu. Kijana anasema hapana ameteseka inatosha. Baba mdogo anasema nyie mnataka kumuua dada yangu. Dakika 40 tunabishana na hakuna mwenye jibu, kwa sababu swali halikuwa letu. Swali lilikuwa la mtu ambaye wiki mbili nyuma alikuwa na akili timamu, amekaa, angejibu kwa sentensi moja, ila huwezi kumuuliza mtu "ukifika mwisho unataka mashine?" wakati umemwambia ana nyongo imeziba. Ile siri ya wiki ya kwanza ndo ilikula jibu la wiki ya mwisho.

Na hizo mashine zina historia yake, hazikutengenezwa kwa ajili ya hali kama ya shangazi. 1952 Copenhagen ilipigwa na polio, watoto na vijana misuli ya kupumua inapooza, daktari Bjørn Ibsen akaelekeza mgonjwa atobolewe koo hewa isukumwe kwa mkono, wanafunzi wa udaktari mamia kwa mamia wakapokezana kubinya mifuko ya hewa mchana na usiku, vifo vikashuka sana, na humo ndo ICU ilizaliwa. Kukandamiza kifua kuliandikwa rasmi 1960. Vyote viwili vilikusudiwa mtu ambaye akivushwa hapo ana maisha upande wa pili, polio inapita, mapigo yanarudi. Kwa saratani iliyokula ini hakuna upande wa pili, kuna mirija tu, na ndugu wanaomtazama kupitia kioo.

Kilichotuokoa ni faili. Kijana alimpigia simu yule nesi, akasema angalieni karatasi ya mwisho, shangazi aliniruhusu niitoe mambo yakifika hapa. Dokta akasoma kwa sauti: asipelekwe kwenye mashine, apewe dawa ya maumivu, na mtoto wake mdogo asiachwe peke yake siku hiyo. Huyo mdogo ni wa tatu, ana miaka 24, na kweli wote tulikuwa tumemsahau, alikuwa amekaa kwenye benchi nje. Shangazi alikuwa amemkumbuka. Na alimwambia mgeni, kwa sababu mgeni ndo aliuliza.

Siku mbili za mwisho nazipita haraka kidogo. Baba mdogo alidai dripu na chakula kwa mpira wa puani, nesi wa wodi akamweleza kwa subira kwamba mwili unaofunga hautumii tena chakula, maji ya dripu yatajaa miguuni na kifuani, atakoroma kwa maji, kinachomsaidia ni kulowanisha midomo kwa pamba. Akapewa pamba. Baba mdogo, mtu mzima, akakaa masaa analowanisha midomo ya dada yake, na nadhani ndo mara ya kwanza wiki zote hizo alifanya kitu ambacho hakikuwa kupambana. Pumzi ikawa inakuja kwa kasi inapungua inakata kabisa, unahesabu mpaka ishirini, inarudi. Binti alikuwa anashtuka kila ikikata, akaambiwa hiyo ni kawaida ya mwisho, madaktari wameielezea tangu karne ya 19, mwenyewe hasikii kukabwa. Tukaambiwa pia tuongee nae. Na kuna msingi, 2020 watafiti wa Kanada walipima mawimbi ya ubongo ya wagonjwa wa hospisi waliokuwa hawaitiki tena, wakakuta ubongo wa baadhi yao bado unaitikia sauti. Tukaongea. Ndo tukasema yote, tunajua ulikuwa unajua, tusamehe, mdogo yuko hapa hayuko peke yake. Sijui lilimfikia lipi. Alifariki saa nane mchana, binti yake kashika mkono, mi nilikuwa nimetoka kupokea simu.

Baada ya mazishi tulifungua kabati la vitambaa. Vipande 23, kila kimoja kimekunjwa na kubanwa na pini na karatasi ya jina. Tukachukua daftari ili turudishe, tukakutana na zile alama. Duara, mstari mmoja, mistari miwili. Binti alisema duara ni waliolipa advansi. Tukawauliza wateja, baadhi ya wenye duara walikuwa wamelipa, wengine hapana. Kijana akasema mistari miwili ni wa kurudishiwa hela, tukampelekea mama mmoja hela yake akashangaa, akasema hakuwahi kutoa hata senti. Mi nilikuwa nimekaa pale anaziandika. Nilikuwa nimeshika taa. Ilikuwa ni kusema tu, shangazi, hii duara maana yake nini, na angeniambia, maana nadhani ndo alichokuwa anasubiri niulize.

Vitambaa 21 tumerudisha kwa wenyewe, vingine bila kujua kama tunadaiwa au tunadai. Viwili karatasi zake zina mistari miwili na jina moja tu la kwanza, hakuna namba ya simu. Vipo kwa binti yake, kwenye mfuko, juu ya cherehani.